Tulivyotoboa Ukuta, Mimi na Jagruti

Picha ya marehemu ilipiga chafya.

Sisemi iliyumba. Sisemi ilianguka. Ilipiga chafya mchana kweupe, chai ikiwa mezani, mbele ya mwanawe wa kumzaa, mtu mzima mwenye kipara chake.

Yule mwanaume alitoka mbio bila viatu mpaka barabarani, mkononi bado ameshika kijiko.

Mimi najua ilivyokuwa kwa sababu nilikuwepo. Tena nilikuwepo kuliko wote. Tulieni niwasimulie.

Naitwa Georgina, nakaa hapa Bukoba mjini. Nyumba yangu ni nusu ya nyumba moja ya zamani, ile ya mawe waliyojenga Wahindi enzi hizo. Nusu ya pili anakaa Jagruti, mjane wa Rasiklal, mwenye duka la rejareja pale mbele. Watoto wetu walikua pamoja wakagombana pamoja. Leo wote wameondoka, tumebaki wawili na ukuta katikati.

Na ukuta wenyewe sasa!

Ukuta ule unene wake ni mkono wangu mzima, kuanzia kwapani mpaka ncha za vidole. Mawe matupu na chokaa. Ukipiga ngoma huku, kule hawajui kama kuna sherehe.

Sasa mwezi ule Jagruti akateleza bafuni.

Akaanguka, mguu ukagoma. Akaita, "Georgina! Georgina!" Mimi niko upande wa pili, nimekaa kitandani namenya karanga, sisikii hata mnong'ono. Alilala pale mpaka muuza maziwa alipofika akashangaa mlango haufunguliwi.

Hakuvunjika, Mungu ni mwema. Lakini Sandeep, mwanawe wa Dar es Salaam, alipopata habari akapiga simu.

"Ma Georgina, nakuja Jumamosi kumchukua Mama. Hawezi kukaa peke yake."

"Peke yake vipi na mimi nipo?"

"Ulimsikia alipoanguka?"

 

Mtaniuliza, simu si zipo? Simu ya Jagruti inakaa kwenye pipa la mchele, eti isiingie vumbi. Ukimpigia, mchele ndio unapokea.

Nikaenda kwake nikamkuta anakunja nguo, anakunja na kukunjua. Nikamwambia, "Weka chini hizo nguo. Hapa dawa ni kutoboa."

"Kutoboa nini?"

"Ukuta. Kitanda changu na chako vinatazamana, ukuta tu uko katikati. Tukipitisha bomba, ukiita nasikia. Sandeep akija anakuta kazi imekwisha, anasema nini tena?"

Jagruti akautazama ukuta kama anayeona ng'ombe ukumbini.

"Georgina, huu ukuta hata panya wameushindwa."

"Panya hawana drili."

Basi nikamwita Clavery, fundi wa Kagoma kule Muleba, anayetoboa kuta za watu kupitisha mabomba. Akaja Ijumaa asubuhi na pikipiki, mgongoni kabeba drili kubwa kama mbuzi, na biti yake, kile chuma cha kutobolea, ndefu kupita mkono wangu.

Akaugonga ukuta kwa nyundo, akaweka sikio.

"Ma, huu si ukuta. Huu ni mlima umepigwa lipu."

"Utaweza?"

"Kutoboa naweza. Shida ni kunyooka."

Akanieleza, nami nikaelewa. Biti ikikutana na jiwe gumu inasukumwa pembeni, inatafuta palipo laini. Wewe nje unaona unakwenda sawa, kumbe ndani inakwenda inakotaka yenyewe. Ikitokea upande wa pili imeshapinda. Na bomba la plastiki ni kitu kigumu, halipiti kwenye tundu la nyoka.

"Kwa hiyo," akasema, "nitatoboa huku mpaka nusu, kisha nihamie kule nitoboe nusu nyingine, tukutane katikati. Lakini lazima alama ya huku na ya kule ziwe kimo kimoja kabisa."

"Si upime kutoka chini?"

"Sakafu ya mwenzako iko juu kuliko yako, Ma. Nyumba imekaa mlimani hii. Tunapima kwa mpira."

Akatoa mpira mrefu unaoonyesha ndani. Ukiutia maji, mmoja akashika ncha huku na mwingine akashika ncha kule, maji yanasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama katikati mpira umelala mlangoni na kwenye ngazi. Maji hayajui kudanganya.

Tukafungua bomba la maji. Bomba likakohoa, likatema hewa. Siku hiyo maji yalikatika mtaa mzima.

Hapo ndipo alipoingilia shemeji yangu, Kyaruzi.

Ta Kyaruzi ni mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa Maruku. Alisikia kuna kazi kwangu, na kwetu Wahaya kazi bila rubisi, pombe yetu, ni adhabu. Alikuja na galoni amelifunga kwa majani ya mgomba, rubisi safi ya ndizi iliyoiva vizuri, nyekundu kama udongo wa shambani.

Clavery akaliangalia galoni. Akauangalia mpira.

"Waitu jamani, Ta Kyaruzi, rubisi nayo si maji tu?"

"Ni zaidi ya maji!"

"Tena ina rangi. Itaonekana vizuri kuliko maji."

Nami nikaona ni akili nyingi. Tukaichuja kwa kitambaa, tukajaza mpira. Ikapanda ikatulia, inapendeza, ukiitazama mpaka unameza mate.

Jamani, hapo ndipo tulipokosea. Na Mhaya yeyote anayenisikiliza hapa ameshajua.

Clavery akabaki chumbani kwangu na ncha moja. Ta Kyaruzi akazunguka na ncha nyingine mpaka chumbani kwa Jagruti, na penseli sikioni. Jagruti alikuwa dukani anapima sukari. Mimi nimesimama mlangoni katikati, napeleka maneno.

"Imetulia?" Clavery anauliza.

"Imetulia?" napeleka.

"Imetulia!" Ta Kyaruzi anajibu.

"Basi naweka alama huku!" Clavery akachora msalaba wake. "Mwambie naye aweke!"

"Ta Kyaruzi, weka alama!"

Kimya.

"Ta Kyaruzi!"

"Naweka! Naweka!"

Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Mimi nikadhani ni penseli.

Kazi ikaanza. Clavery akapanga kreti za soda na ubao, drili ikalala juu yake, na pimamaji juu ya mgongo wa drili ionyeshe kama imelala sawa. Akanipa kiti.

"Ma, wewe kaa hapa ubavuni. Mimi nikiwa nyuma sioni ikishuka. Ukiona mkia wa mashine unashuka au unapanda, sema."

"Nisemeje?"

"Sema 'mkia'."

Drili ikaunguruma. Vumbi likajaa, meno yakacheza.

"Mkia!" nikapiga kelele.

Akanyanyua.

"Mkia!"

"Ma, hapo haujashuka."

"Nilikuwa najaribu kama unanisikia."

Basi tukaenda hivyo, anatoboa kidogo, anachomoa biti, anapuliza vumbi, anaweka pimamaji, anaendelea. Hana haraka yule. Alipofika nusu, akahamisha mashine kwa Jagruti, akaifuata alama ya Ta Kyaruzi.

Sasa juu ya ile alama ya kwa Jagruti kuna picha ya marehemu Rasiklal. Picha kubwa ya turubai, haina kioo, Sandeep aliikaza ukutani kwa skrubu nne. Jagruti aliitaka chini kidogo ili amwekee baba wa watu maua bila kupanda kiti. Clavery akapima kwa jicho, akaona alama iko chini ya picha kabisa.

"Mzee abaki tu hapo," akasema. "Hatumgusi."

Akatoboa. Akafika nusu. Akapita nusu. Akaongeza.

Hakuna kukutana.

Akachomoa biti, akamulika tochi tunduni. Giza. Mimi nikakimbilia kwangu nikamulika tundu langu. Giza. Nikaita tunduni, "Clavery!" Naye akajibu kupitia mlangoni.

"Matundu yamepishana," akasema. Jasho linamtoka. "Ma, miaka yote natoboa, hayajawahi kupishana hivi."

Akapima upya kutoka ukuta wa mbele, kwangu na kwake. Sawasawa. Akaangalia pimamaji kama imeharibika. Nzima. Akauinua mpira pale ulipolala kwenye ngazi, akauangalia, akauangalia tena.

"Mbona rubisi imepungua?"



"Umevuja?" nikauliza.

"Haujavuja, ngazi ni kavu."

Tukageuka kumtazama Ta Kyaruzi. Ta Kyaruzi alikuwa anatazama dari.

"Ta Kyaruzi. Rubisi imekwenda wapi?"

"Nilionja kidogo," akasema. "Nione kama haijachacha."

"Uliionja kabla ya kuweka alama?"

"Sasa nitaonja baada kwa nini?"

Ee Bikira Maria!

Lakini hebu tuseme ukweli, huyu mzee ana kosa gani? Tangu apate ndevu anakunywa rubisi kwa oruseke, mrija wa unyasi uliochomekwa kibuyuni. Leo unampa mrija umejaa rubisi mpaka mdomoni, unamwambia, simama nao, uutazame tu! Midomo ilikwenda yenyewe.

Alivuta funda moja la kiume. Rubisi ikashuka shibiri nzima na zaidi, naye kwa uaminifu wake wote akachora alama pale iliposhukia.

"Lakini alama niliweka sawasawa na rubisi," akajitetea. "Mlisema niifuate rubisi, nimeifuata."

"Umeifuata mpaka tumboni!" nikamwambia.

Clavery akakaa juu ya kreti akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema tundu la kwangu limenyooka, tuachane na la kule, alimalizie hilo kutoka kwangu.

Jagruti naye akafika kutoka dukani, tukajaa wote chumbani kwangu kutazama. Drili ikaunguruma. "Mkia!" nikasema. Ghafla mashine ikachapa mbele, bup! Imetoboka!

Tukapiga vigelegele. Clavery akalala akachungulia. "Naona mwanga! Imenyooka kama risasi!"

Hapo ndipo Jagruti alipouliza kwa upole, "Limetokea wapi?"

 Tukazunguka mbio.

Limetokea mdomoni mwa Rasiklal.

Katikati kabisa, chini ya pua, limechukua midomo na masharubu. Huwezi kulenga vile hata ukilipwa. Marehemu amekaa ametoa macho, mdomo wazi, na vumbi jeupe linamtoka taratibu kama anavuta sigara.

Nikapiga ishara ya msalaba. Clavery akavua kofia. Ta Kyaruzi akanong'ona, "Samahani, mzee," akamwambia picha.

Jagruti akaisogelea picha. Nikajua leo urafiki umekwisha.

Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Huyu mwanaume," akasema, machozi ya kicheko yanamtoka, "maisha yake yote hakuniacha nimalize kusema. Amekufa nikapumzika. Sasa mmemfungulia tena!"

Basi akasema malizeni, pitisheni bomba. Clavery akalipanua tundu, bomba likapita laini kama uzi kwenye shanga. Ukisema kwangu "Jagruti," kwa Jagruti linatoka "Jagruti" limenyooka.

Shida ikabaki moja. Sandeep.

"Nitamwambia taratibu baada ya chai," Jagruti akasema. "Aanze kwanza kupumzika. Asimkute baba yake hivi."

Basi tukakata kipande cha soksi nyeusi ya Ta Kyaruzi, tukakitengeneza masharubu. Ilifuliwa kwanza, msinifikirie vibaya. Tukayabandika kwa uji wa muhogo juu ya tundu. Ukitazama kwa mbali, Rasiklal amependeza, ameongezeka hata cheo.

Jumamosi Sandeep akashuka na ndege. Akamkumbatia mama yake, akanisalimia, "Shikamoo, Ma Georgina," akaingia chumbani kwa mama ambako ndiko kuna kiti kizuri. Jagruti akaleta chai. Mimi nikaaga kwa adabu, nikaenda kwangu.

Nikapanda kitandani nikaweka sikio kwenye bomba. Ningeacha vipi? Anayechukuliwa ni Jagruti wangu.

"Mama," nasikia Sandeep, "tiketi yako hii. Jumatatu tunaondoka wote."

"Na duka?"

"Duka litafungwa. Mama, ukianguka tena? Baba angekuwepo angesema nini?"

Nikageuza uso ili nisikie vizuri zaidi. Pua ikaingia bombani. Bombani kulikuwa na vumbi la mawe lililobaki.

Nilijizuia. Nawaapia nilijizuia, nikabana pua, nikafumba macho.

"Mtazame Baba," Sandeep anasema. "Angesema tu..."

HAAATSHII!

Masharubu yaliruka kutoka usoni mwa marehemu, yakatua kwenye chai ya Sandeep.

Na Jagruti, kwa mazoea tu, akasema, "Pole."

Nami kwa mazoea tu, nikajibu, "Asante."

Mdomoni mwa Rasiklal.

Hapo ndipo mwanaume alipotoka mbio. Alimkuta Ta Kyaruzi amekaa barazani na soksi yake moja.

"Baba amepiga chafya!"

"Ni vumbi, mwanangu," Ta Kyaruzi akamwambia. "Vumbi la mawe lina kero."

Ilibidi aelezwe yote. Alielezwa rubisi, alielezwa alama, alielezwa soksi. Kila tukieleza, anazidi kuwa mwekundu.

"Mmetoboa nyumba! Mmemtoboa Baba! Na hili tundu litamuinua Mama akianguka?" Akaokota viatu. "Sasa ndiyo nimeona hapa hakuna mtu mzima. Jumatatu tunaondoka, basi!"

Akatoka nje. Mimi nikarudi kwangu nimenywea. Nikakaa kitandani najiona mjinga. Kazi yote ile, na rafiki anaondoka.

Mlango ukagongwa. Ni Sandeep, amepoa kidogo.

"Ma Georgina, nataka kulisikia hilo bomba kwa sikio langu."

Nikamwonyesha. Mtu mkubwa yule akapiga magoti kitandani kwangu. Kabla hajaita, bomba likasema lenyewe.

"Georgina, upo?"

Sandeep akaweka kidole mdomoni. 

"Nipo."

"Huyu mtoto amekwenda wapi?"

"Wanaume wakikasirika, nani anajua waendako."

"Vizuri. Sikiliza, niseme jambo sijawahi kukwambia." Nikasikia kitanda chake kinalia. "Sandeep anadhani naogopa kuacha nyumba. Mimi ningeenda, Georgina. Kule kuna wajukuu, bafu halitelezi. Ningeenda hata leo."

Moyo wangu ukashuka.

"Lakini nikienda, wewe nakuacha na nani?"

"Mimi?"

"Wewe! Juzi ulinitilia majivu kwenye chai ukidhani ni tangawizi. Wiki ile uliniita kwa jina la dada yako, marehemu. Jiko unawasha, unasahau. Unadhani nakuja kwako kila jioni kuomba chumvi kwa sababu sina chumvi? Georgina, mimi nina duka! Nakuja kuzima jiko."

Nilikaa mdomo wazi kuliko Rasiklal.

"Kutoboa nimekubali ili nikusikie wewe. Mguu wangu umepona. Kichwa chako je?"

Nikamtazama Sandeep. Naye ananitazama. Kisha akainua pua, akanusa.

"Ma Georgina. Una kitu jikoni?"

Ndizi! Nilibandika ndizi kabla ya chai!

Alishafika jikoni kabla sijashuka kitandani. Nikasikia sufuria inalia kwenye sinki, moshi ukaingia mpaka chumbani. Aliporudi alikuwa na masizi mkononi. Akainama kwenye bomba.

"Mama."

"Georgina, mbona sauti imekuwa nene?"

"Ni mimi, Mama."



"Umesikia?"

"Yote. Na ndizi zimeungua sasa hivi."

"Si nilisema!"

Sandeep akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipomaliza akajifuta macho, akasema bombani polepole, "Basi kaa, Mama. Nitawaambia nyumbani nimekukuta una kazi."

Jumapili yote alishinda bafuni kwa mama yake, anakwangua sakafu iwe na makwaruzo, anafunga vyuma vya kushika. Jumatatu akaondoka peke yake.

Alipoondoka nikapanda kitandani. Kuna jambo lilikuwa linaniwasha.

"Jagruti," nikaita. "Eti siku zote hizi, mgonjwa ni mimi?"

Bombani ukatoka mkoromo. Saa nne asubuhi, na nilikuwa nimemsikia sasa hivi tu akivuta kiti.

Wanangu, mnaotuchunga sisi wazee, na sisi tunaochungana wenyewe, nawaachia hili. Yule unayedhani unamlinda, muulize siku moja kwa upole ana wasiwasi na nani. Usishangae akitaja jina lako.

Nami nikamwacha akorome. Nikaenda jikoni kuangalia jiko.

Lilikuwa linawaka.